Kangaga katika Chupa

Kangaga halina ua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi lililo chini ya majani yake, nalo halioti pasipo unyevu. Milimani Usambara lajiotea. Sisi wa Bariadi twalipanda chunguni, kivulini, na kulinywesha maji ambayo akina mama huyachimbua mchangani mwa mto wakati wa kiangazi. Pambo la gharama hilo!

Hata London lilikufa kwa moshi wa makaa. Mwaka 1829 tabibu Nathaniel Ward alifukia kifukofuko cha nondo katika udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunga. Alingoja nondo, likaota kangaga. Mvuke ulipanda, ukashika kioo, ukarudi udongoni. Mwaka 1833 akapeleka makangaga Sydney katika sanduku za kioo, yakafika hai. Lile la chupani liliishi karibu miaka 4 bila kunyweshwa, hata kifuniko kikaliwa na kutu, mvua ikaingia, likafa.