Matabibu na Viwanda vya Dawa katika Zama za Malale

Mwaka 1892 tabibu Emil von Behring alifunga mkataba na kiwanda cha Hoechst, karibu na mji wa Frankfurt, ili dawa yake ya dondakoo ipate kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa. Na tangu hapo ikawadhihirikia watu wa tijara ya dawa kwamba jina la mwanachuoni mwenye jaha, ambaye kauli yake hukubaliwa na matabibu wenziwe, ni rasilimali isiyopungua thamani ya dawa yenyewe.

Robert Koch, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikuwa na jaha hiyo kupita wote. Mwaka 1906 alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Ssese, wakati malale yamekwisha kuangamiza halaiki ya watu kandokando ya Ziwa Nyanza. Dawa aliyoitegemea ni Atoxyl, yenye aseniki ndani yake, nayo ilikuwa bidhaa ya kiwanda cha Kijerumani. Wagonjwa walipochomwa sindano za nusu gramu, vijidudu vilitoweka katika damu na tezi za shingo zikanywea, na habari za kutia moyo zikapelekwa Berlin. Lakini maradhi yalirejea. Koch akaongeza kipimo hadi gramu nzima, na watu 22 wakapofuka, wasione tena. Jina la Koch limehifadhiwa katika vitabu vya tiba, na kwa haki. Ila naona wale 22 nao wastahili kukumbukwa kila itajwapo dawa hiyo, maana ithibati iliyopatikana juu yake ilinunuliwa kwa macho yao.

Mwanafunzi wake, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyethibitisha katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kwamba kijidudu cha malale hukua ndani ya mbung'o kabla ya kuambukizwa mtu. Basi kampuni ya Bayer ilipopata dawa mpya baada ya kujaribu michanganyiko mingi, Kleine ndiye aliyeichukua Afrika, kati ya 1921 na 1923. Na kwa kuwa Ujerumani ilikwisha kupokonywa makoloni yake vitani, ilimpasa kuijaribu Rhodesia ya Kaskazini na Kongo, chini ya bendera za wengine. Dawa ilikuwa na nguvu kweli. Hata hivyo kampuni iliitoa kwa nambari tu, Bayer 205, na asili ya mchanganyiko wake ikafanywa siri, hata matabibu wakawa wanaishuhudia dawa wasiyoijua ni kitu gani. Ikaitwa Germanin, na wakatokea Wajerumani waliotaka iwe fidia ya kurudishiwa makoloni, kana kwamba uhai wa wagonjwa wa Kongo ni rehani mkononi mwao.

Siri hiyo ilivunjwa Paris mwaka 1924, pale Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur alipoutangaza mchanganyiko wake, na dawa ikatengenezwa Ufaransa kwa jina la Fourneau 309.