Bahari Chini ya Maihama

Anayepanga safari yake ya kwanza ya Tokyo Disneyland hutafuta tiketi, hoteli, na treni ya kushuka kituo cha Maihama. Ramani haimwambii kwamba pale palikuwa bahari.

Urayasu ulikuwa mji wa wavuvi, watu wa kombe na mwani. Mwaka 1958 maji machafu ya kiwanda cha karatasi yaliua samaki na kombe. Wavuvi wakavamia kiwanda, wakapambana na polisi. Lakini bahari ilikwisha kuharibika. Mwaka 1962 waliachia sehemu ya haki zao za uvuvi kwa fidia. Mwaka 1971 wakaachia zote.

Kampuni ya Oriental Land, iliyoundwa 1960, ilifukia bahari hiyo na kufungua bustani ya burudani tarehe 15 Aprili 1983. Mwaka 2001 ikafuata DisneySea, bustani ambayo mada yake ni bahari.

Katika ratiba yako, tenga saa chache kwa makumbusho ya mji wa Urayasu. Humo zimo nyumba na mashua za wale waliouachia mji wao pwani.