Kulinda kompyuta ya ofisi: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Nsambya na kwingineko

KAMPALA – Kompyuta ikiibwa ofisini, hasara ya kwanza inayohesabiwa ni bei ya mashine. Kwa wakala wa forodha au msafirishaji, hiyo mara nyingi ndiyo hasara ndogo. Ndani ya mashine mna ankara za wateja, nakala za pasipoti, namba za walipa kodi, barua za benki na maneno ya siri ya kuingilia mifumo ya serikali.

Nsambya ni kilima kilicho katika Tarafa ya Makindye, karibu na katikati ya jiji. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanzishwa mwaka 1903, pamoja na Ubalozi wa Marekani na kambi ya polisi. Hata hivyo, ujirani huo haumlindi kila mwenye ofisi. Kama ilivyo sehemu nyingi za Kampala, ofisi ndogo nyingi zimo katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya makazi, zenye mlango wa mbao, madirisha ya nondo na askari mmoja wa usiku.

Askari peke yake hatoshi

Usiku wa tarehe 22 Mei 2016, watu walivamia ofisi za shirika la Human Rights Awareness and Promotion Forum huko Namirembe, Kampala, wakamuua mlinzi na kuchukua nyaraka. Ofisi hiyo ilivamiwa tena Februari 2018 na walinzi wakajeruhiwa. Mwezi Juni 2016 mashirika ya haki za binadamu ya Uganda na ya kimataifa yaliiandikia polisi barua kuhusu mfululizo wa uvamizi wa aina hiyo tangu mwaka 2012. Funzo kwa mwenye biashara ni kwamba mpango wa ulinzi usimtegemee mtu mmoja langoni, wala usimfanye ayaweke maisha yake rehani kwa ajili ya mashine.

Kwa nini wakala awe na wasiwasi zaidi

Tangu mwaka 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, hati za mzigo wa Uganda hushughulikiwa na kodi kulipwa Kampala wakati kontena lingali bandarini Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Kwa hiyo kompyuta moja ya mezani Nsambya inaweza kuamua mzigo ulio pwani uondoke au ubaki.

Wahalifu wanalijua hilo. Mwaka 2012 watu walikamatwa Kampala wakiwa na kompyuta ndani ya gari, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani kwa kuingia bila idhini katika mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA). Nchini Ubelgiji, kati ya mwaka 2011 na 2013, genge la dawa za kulevya liliingia katika ofisi za kampuni za bandari ya Antwerp na kuficha vifaa vidogo vya kunasa kila herufi inayochapwa kwenye kibodi. Kwa maneno ya siri waliyoyapata, walituma madereva wao kuchukua makontena kabla ya wenyewe kufika.

Neno la siri la Windows halizuii mwizi

Wengi hudhani kwamba kompyuta inayodai neno la siri ikiwashwa iko salama. Sivyo. Neno hilo humzuia mpita njia tu. Mwenye bisibisi anaweza kuitoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma mafaili yote. Anaweza pia kuiwasha mashine kwa programu iliyo ndani ya flashi. Hata neno la siri la BIOS, linaloulizwa kabla ya Windows, kwenye kompyuta nyingi za mezani hufutwa kwa kutoa betri ndogo iliyo ndani.

Kinga ya kweli ni kuisimba diski, yaani kugeuza yote yaliyomo kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo. Matoleo ya Windows ya kitaalamu yana BitLocker, iliyoanza na Windows Vista mwaka 2007; kompyuta za Apple zina FileVault, na watumiaji wa Linux wana LUKS. VeraCrypt hupatikana bure.

Kabla ya kuanza, mafaili yote yanakiliwe mahali pengine. Ufunguo wa kufungulia wakati wa dharura uandikwe na kuwekwa nyumbani au ndani ya sefu, kamwe si kwenye mfuko wa laptopu. Ukipotea, hata mwenyewe hataweza kuyasoma mafaili yake.

Ni muhimu pia kuizima mashine kabisa jioni, badala ya kuiacha imelala. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba funguo za usimbaji hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa muda mfupi hata baada ya umeme kukatwa. Mashine iliyolala huwa bado inazishikilia.

Hatua za kila siku

- Kompyuta ikae mbali na dirisha na isionekane kutoka barabarani.
- Laptopu ifungwe kwenye meza nzito kwa kufuli la waya. Waya hukatika, lakini humchelewesha mwizi wa mchana anayepita mapokezi.
- Kila anayeinuka kitini abonyeze alama ya Windows pamoja na herufi L ili kufunga skrini.
- Kila mfanyakazi awe na jina lake na neno lake la siri. Neno linalotumiwa na watu wanne haliwezi kuonyesha nani alifanya nini.
- Nyuma ya mashine pakaguliwe kila wiki. Kifaa kisichojulikana kati ya waya wa kibodi na kompyuta kisipuuzwe.
- Nakala ya mafaili iwekwe kwenye diski ya nje iliyosimbwa, katika jengo lingine. Nakala iliyo kwenye droo ya meza ileile itaibwa pamoja na mashine.

Fundi na mfanyakazi anayeondoka

Si kila asiyeruhusiwa huvunja mlango. Mashine inapopelekwa kwa fundi kubadilishiwa skrini au chaja, diski itolewe kwanza na kubaki ofisini, au kazi ifanyike mbele ya mwenyewe. Mfanyakazi anapoacha kazi, funguo zirudishwe na majina yake katika kompyuta, barua pepe na mifumo ya forodha yafungwe siku hiyohiyo. Mashine kuukuu isiuzwe na diski yake kabla ya kufutwa kabisa. Kuyatupa mafaili kwenye pipa la kompyuta hakuyaondoi.

Mashine ikishaibwa

Namba ya mashine, aina yake na risiti ya kununulia viwe vimehifadhiwa mapema, kwani polisi watavihitaji. Wizi ukigunduliwa, jambo la kwanza ni kubadilisha maneno yote ya siri kwa kutumia kompyuta nyingine, kuanzia barua pepe, kisha benki na forodha. URA na benki ziarifiwe bila kusubiri, na taarifa iandikishwe katika kituo cha polisi.

Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inafanya kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Lakini mwenye ofisi naye ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu aziwekee ulinzi, na atoe taarifa mara moja kwa mamlaka husika anapoamini kwamba zimeangukia mikononi mwa asiyeruhusiwa. Kwa mteja aliyeacha nakala ya pasipoti yake katika ofisi ya wakala, kuchelewa kwa siku moja kunatosha kumwingiza katika deni asilolijua.