Kujiunga na Vyuo vya Arusha: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Visiwani na Wazazi Wake

Bismillaah. Himdi zote ni za Allaah, na Swala na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake wote.

Kila mwaka yakitoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi wa Unguja na Pemba hutuletea suala linalofanana: "Mwanangu anataka kusoma Arusha. Nimruhusu?" Suala hili lina pande mbili. Upande mmoja ni utaratibu wa udahili, ambao asiyeujua hupoteza mwaka mzima. Upande wa pili ni hukumu za dini: mkopo, safari ya binti, chuo cha kanisa na fani zenye shubha. Tutazieleza zote mbili, kwa sababu mwenye kutoa hukumu bila kujua utaratibu humchanganya muulizaji.

1. Mtihani wa kuingilia chuo ni upi?

Kwa aliyemaliza kidato cha sita hapa Tanzania, hakuna mtihani mwengine wa taifa wa kuingilia chuo kikuu. Mtihani wenyewe ni ule wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani (NECTA), nao hufanywa Bara na Visiwani sawasawa. Kwa hivyo uchaguzi wa chuo huanza siku kijana anapochagua tahasusi ya kidato cha tano. Aliyechukua Historia, Kiswahili na Kiingereza hawezi kuja kuomba uhandisi miaka miwili baadaye.

Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili ya principal yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, katika masomo yanayohusika na fani. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi mwenye D mbili amefikia, mwenye C na E amefikia, na mwenye E mbili hakufikia. (Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walihesabiwa kwa mizani tofauti, waangalie kitabu cha mwongozo cha TCU.) Hicho ni kizingiti cha mlango tu. Kila fani ina masharti yake, na penye waombaji wengi hushindana wenye pointi za juu.

Aliyesoma thanawi nje ya nchi, Misri, Sudan au Saudia, asipeleke cheti chake moja kwa moja chuoni. Kwanza apate ulinganifu wa NECTA. Jambo hilo huchukua muda, lianzwe mapema.

2. Vyuo vya Arusha na nani anafaa kuomba

*Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA)*, Njiro. Ni cha serikali. Kina uhasibu, fedha, biashara na pia kompyuta, kuanzia cheti na diploma hadi shahada.

*Chuo cha Ufundi Arusha (ATC)*. Kilianza mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Kinafundisha ujenzi, umeme, mitambo, magari na maabara. Kijana wa kidato cha nne mwenye Hisabati na Fizikia nzuri asikidharau kwa sababu tu hakiitwi chuo kikuu. Fundi aliyebobea hakosi riziki, biidhnillaah.

*Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru*, pamoja na vyuo vya kilimo na mifugo vilivyoko Tengeru hapo hapo, na *Chuo cha Misitu Olmotonyi* chini ya Mlima Meru. Visiwa vyetu vinahitaji sana wataalamu wa kilimo na mifugo, na vijana wetu wanaoomba fani hizi ni wachache.

*Taasisi ya Nelson Mandela (NM-AIST)*, Tengeru. Hapa wengi hukosea kwa sababu ya jina kubwa. Imeanzishwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu katika sayansi na teknolojia. Ni mahali pa kulenga baada ya shahada ya kwanza, si pa kuombea na cheti cha kidato cha sita.

*Makumira* ni chuo cha Kilutheri na *Chuo Kikuu cha Arusha* ni cha Waadventista Wasabato, vyote viko Usa River. Hukumu ya kusoma humo tutaieleza mbele.

*Vyuo vya hoteli na utalii*, kikiwemo cha VETA kilichoko Njiro. Navyo tutavirudia.

3. Aliyepungukiwa pointi afanye nini?

Ana njia tatu za halali.

Ya kwanza ni kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Hii inamfaa aliyekosa kwa kidogo, tuseme ana D na E, na anajua sababu ya kukosa. Asiyejua kwa nini alifeli atarudia yale yale.

Ya pili ni diploma. Anayemaliza kwa wastani (GPA) usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada, naye tayari ana ujuzi mkononi. Kwa wengi, hii ndiyo njia tunayoishauri.

Ya tatu ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo mikoani, Arusha na Zanzibar vikiwemo. Humfaa mwenye kazi au mama mwenye watoto ambaye hawezi kuhama.

Njia ya nne wanayoitumia baadhi ya watu ni kughushi cheti au kumtuma mtu afanye mtihani kwa niaba yao. Hiyo ni ghushi na ushahidi wa uongo, nayo ni haramu bila ya khilafu. Madhara yake hayaishi chuoni: mshahara wa miaka thelathini utajengwa juu ya msingi huo.

4. Tanbihi kuhusu somo la dini

Hili linawagusa sana watoto wa Visiwani. Udahili wa cheti na diploma chini ya NACTVET kwa kawaida hutaka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne *yasiyo ya dini*. Mtoto mwenye D nne, moja ikiwa ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, kwa hesabu yao ana tatu. Wazazi hulia kwamba mtoto amefaulu na chuo kimemkataa, kumbe sharti limeandikwa tangu mwanzo.

Maana yake si kwamba mtoto aache somo la dini. Asome, afaulu, na apate ujira wake kwa Allaah. Lakini mwalimu na mzazi wahakikishe kwamba mbali na somo hilo ana masomo mengine ya kutosha kumfikisha.

5. Kuomba na kuthibitisha

Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada huomba moja kwa moja katika chuo anachokitaka; TCU haipokei tena maombi kwa niaba ya vyuo. Basi azingatie haya:

- Ahakikishe chuo na fani vimo katika kitabu cha mwongozo cha TCU cha *mwaka huo*. Mwaka 2017 vyuo vikuu 19 vilizuiwa kudahili wanafunzi wapya. Tangazo zuri si ithibati.
- Aombe vyuo zaidi ya kimoja, na kimojawapo kiwe cha karibu: SUZA, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, au Sumait cha Chukwani.
- Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri atakayotumiwa, ndani ya muda uliowekwa. Wako walioswali istikhara wiki mbili, muda wa kuthibitisha ukapita. Istikhara iswaliwe mapema.
- Simu na barua pepe anazojazia ziwe zake mwenyewe, si za mwenye duka la intaneti.
- Asimpe pesa kishoka anayedai ana mtu wake chuoni. Akidanganya, ni wizi. Akisema kweli, ni rushwa, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji.

6. Mkopo wa elimu na suala la riba

Mikopo iko miwili: wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) na wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Kwa miaka kadhaa deni la HESLB liliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani. Kwa kanuni ya Fiqhi, ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata ikipewa jina jengine, na ndiyo maana Waislamu wengi waliukimbia. Mwaka 2021 serikali iliifuta tozo hiyo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa kulipa. Kwa kufutwa hayo, kizuizi kikubwa kimeondoka.

Hata hivyo, kila mwanafunzi ausome mkataba wa mwaka wake kabla ya kutia saini, wa bodi yoyote ile, na akiona sharti la ziada asilolifahamu auulizie. Ada ndogo inayolingana na gharama halisi za uendeshaji haichukui hukumu ya ziada inayokua na muda.

Na azingatie mambo mawili. Kwanza, mkopo ni deni, si sadaka ya serikali. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri naye analo shingoni, na deni humfuata mtu kaburini. Pili, haijuzu kuandika kwamba mzazi aliye hai amefariki, wala kuficha ufadhili mwengine ili upate mikopo miwili. Pesa hizo zina mgao, na unapochukua kwa uongo umemnyima yatima wa kweli.

7. Kusoma katika chuo cha kanisa

Asili ya kujifunza elimu ya dunia kwa asiyekuwa Muislamu ni kujuzu. Imepokewa katika sira kwamba baadhi ya mateka wa Badr walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Answaar kuandika. Sharia, ualimu au hesabu haibadiliki kwa dini ya mwalimu.

Kinachotazamwa ni masharti ya maisha. Kabla ya kuthibitisha, mwanafunzi asome kanuni za chuo na aulize kwa maandishi: je, kuhudhuria ibada ni lazima kwa kila mwanafunzi? Je, hijabu inaruhusiwa? Je, atapata nafasi ya Ijumaa? Ikiwa analazimishwa kushiriki ibada isiyokuwa yake, haijuzu kwake kujiunga hali ana chuo chengine. Ikiwa halazimishwi, na anaijua dini yake vya kutosha, inajuzu. Kwa uadilifu tuseme pia kwamba Waadventista hawali nguruwe wala hawanywi pombe, kwa hivyo jiko lao lina usalama wa upande huo kuliko mikahawa mingi ya mjini. Ila nyama abaki na aliyoijua uchinjaji wake.

8. Binti kusafiri na kukaa Arusha

Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa: *safari* na *makaazi*.

Safari kutoka Visiwani ni boti hadi Dar es Salaam, kisha basi zaidi ya kilomita 600. Jamhuri ya Wanachuoni wanashurutisha mahram. Katika madh-hab yetu ya Shaafi'iy imeruhusiwa safari ya Hijja ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na baadhi ya Wanachuoni wakaipanua ruhusa hiyo kwa safari nyengine za haja penye amani. Ushauri wetu: mahram ampeleke safari ya kwanza na amrudishe likizo anapoweza. Asipoweza kabisa, asafiri na kundi la wasichana wenzake wanaoaminika, mchana, wala asishuke njiani peke yake.

Makaazi ni jambo jengine. Akishafika na akakaa mahali pa amani, hukumu ya safari imekwisha. Dakhalia ya wasichana ndani ya chuo ni bora kuliko chumba cha kupanga mtaani. Mzazi aione mwenyewe, na aongee na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ya chuo kabla hajaondoka. Pasipopatikana pahala pa amani, SUZA ya karibu ni bora kuliko Arusha ya mbali, wala hajakosa elimu.

9. Fani zenye shubha

*Hoteli na utalii.* Uchumi wa Zanzibar umeegemea hapo, haifai kulijibu suala kwa neno moja. Kuongoza watalii, mapokezi, usimamizi wa vyumba na upishi wa halali vinajuzu. Kumimina na kuhudumia pombe havijuzu, kwani laana ya pombe haikumhusu mnywaji pekee bali na mbebaji na muuzaji. Aulize kabla: je, mazoezi ya baa ni lazima ili kufaulu? Ikiwa ni lazima, achague kozi nyengine.

*Uhasibu na benki.* Uhasibu wenyewe ni halali na Waislamu wanauhitaji: ukaguzi, wakfu, zaka, mirathi. Kilichokatazwa ni kuandika na kushuhudia riba. Mhitimu wa IAA ana milango mingi, ikiwemo huduma za kibenki za Kiislamu zilizopo nchini, kama Amana na PBZ Ikhlas.

10. Ibada ugenini

Njiani mwanafunzi ni msafiri: anaweza kupunguza na kukusanya Swala, na kufungua katika Ramadhaan. Akifika Arusha kwa nia ya kukaa siku nne kamili au zaidi, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, basi kwa madh-hab ya Shaafi'iy ni mkaazi. Ataswali rakaa kamili, atafunga, na Ijumaa ni wajibu kwa mwanamme. Wako wanaopunguza Swala muhula mzima kwa kuwa "wako safarini". Hilo si sahihi.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake mtu wa pwani haijui. Baridi peke yake haihalalishi tayammum maadamu maji yanapatikana na yanaweza kupashwa moto. Ruhusa ni kwa anayehofia madhara ya kweli na hana cha kupashia. Mzazi atie blangeti na birika la umeme katika mzigo.

Mwisho

Kijana na ashauriane na wanaoijua fani, si wanaompenda tu. Kisha aswali rakaa mbili za istikhara na kuomba dua yake, na asisubiri ndoto: afanye lile lililomkunjukia na njia yake ikafunguka. Mzazi naye asimlazimishe mwana udaktari kwa sababu ya jirani. Na nyote wawili mkae pamoja na kitabu cha mwongozo cha mwaka huu *kabla* ya matokeo kutoka, kwa sababu baada ya hapo siku huwa chache.

Tunamuomba Allaah Awape watoto wetu elimu yenye manufaa, riziki ya halali na marafiki wema popote watakapokuwa.

Na Allaah Anajua zaidi.