Achieng Oneko, mbunge wa Nakuru aliyeitwa mkomunisti

Mwaka 1963 Nakuru Mjini ilimchagua Mjaluo wa Uyoma kuwa mbunge wake. Ramogi Achieng Oneko alikuwa ametoka kizuizini miaka miwili kabla, na katika mji wa reli uliozungukwa na mashamba ya walowezi, mtu aliyefungwa pamoja na Jomo Kenyatta hakuhitaji utambulisho mrefu.

Alizaliwa 1920 kijijini Tieng'a, akasoma Maseno, akaanzisha gazeti la Ramogi, kisha akawa katibu mkuu wa KAU. Mwaka 1951 chama kilimtuma London pamoja na Mbiyu Koinange kupeleka malalamiko ya ardhi. Watu wa huku Elburgon waliyajua malalamiko hayo bila kusimuliwa. Maskwota walilima kwa ruhusa ya mzungu, wakapasua mbao za msitu wa Mau, na walipofukuzwa hawakuwa na pa kwenda. Jirani hapo Olenguruone, serikali ya kikoloni ilikuwa ndiyo kwanza imewahamisha kwa nguvu Wakikuyu waliokataa masharti yake ya kilimo.

London haikutoa jibu la maana. Usiku wa Oktoba 20, 1952, Oneko alikamatwa, na Aprili 1953 mahakama ya Kapenguria ikampa miaka saba ya kazi ngumu, sawa na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba. Yeye alishinda rufaa. Haikumsaidia: alizuiliwa papo hapo kwa sheria za hali ya hatari, akakaa ndani hadi 1961.

Uhuru ulipokuja alifanywa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii, na ni katika kipindi chake, mwaka 1964, redio ilipochukuliwa na serikali ikawa Sauti ya Kenya. Lakini ndani ya chama tawala, KANU, ugomvi ulikuwa umeshaanza. Je, mashamba ya wazungu yanunuliwe kwa mkopo wa Uingereza, maskini abaki akilipa deni, au wasio na ardhi wagawiwe bure? Bildad Kaggia alisema bure. Jaramogi Oginga Odinga na Oneko walikuwa upande huo. Pio Gama Pinto, mwanamikakati wao, alipigwa risasi Februari 1965. Chuo cha Lumumba, kilichofunguliwa Desemba 1964 kufunza makada kwa msaada wa Wasovieti, hakikumaliza mwaka.

Machi 1966, kwenye mkutano wa Limuru, wadhifa wa Odinga wa makamu wa rais wa chama ulifutwa na kugawanywa kwa watu wanane. Aprili Odinga alijiuzulu, na Oneko akamfuata katika chama kipya, KPU. Si hatua ndogo kwa mtu aliyewahi kuwa katibu binafsi wa Kenyatta. Kuanzia hapo waliitwa wakomunisti. Mimi naona jina hilo lilikuwa kubwa kuliko ilani yao: walitaka ardhi kwa wasio nayo na baadhi ya viwanda viwe mali ya taifa. Tena hospitali kuu ya Kisumu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti hao hao, na aliyekwenda kuifungua ni Kenyatta mwenyewe.

Sheria ilibadilishwa haraka, na kila mbunge aliyehama chama akalazimika kurudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 KPU ilipata viti 9 kati ya 29, vingi vyake Nyanza. Kaggia alianguka Kandara. Oneko alianguka Nakuru. Hoja ya ardhi, iliyowagusa maskwota wa Mau kuliko mtu yeyote, ilikuwa imegeuzwa kuwa hoja ya Wajaluo.

Ufunguzi huo wa hospitali, Oktoba 25, 1969, uliishia kwa risasi na vifo. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku. Oneko alirudi kizuizini, safari hii kwa amri ya mfungwa mwenzake wa zamani, hadi 1975.

Alirejea bungeni 1992 kwa tiketi ya FORD-Kenya, sasa akiwakilisha Rarieda, nyumbani kwao. Mwaka huo huo Molo na Olenguruone ziliteketea kwa mapigano ya ardhi na kabila. Alifariki Juni 9, 2007, wa mwisho kati ya wale sita waliohukumiwa pamoja. Walimu wa historia wa Elburgon na Molo wanapofundisha Kapenguria, wawaambie wanafunzi pia habari za kiti chake cha Nakuru, jinsi kilivyopatikana na jinsi kilivyopotea.