Likasi na kura ya kwanza ya 1957: tukilinganisha miji, tuhesabu nani?

Kila mara uchaguzi unapoisha mazungumzo yanakuwa yale yale. Kinshasa walitoka wangapi? Lubumbashi je? Na sisi hapa Likasi, tulishinda au tulilala nyumbani? Watu wanalinganisha miji kwa kura kama wanavyolinganisha timu za mpira. Leo ninataka turudi nyuma kidogo, kwenye kura ya kwanza kabisa, maana mji wetu ulikuwa ndani yake.

Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu Wakongomani wachague madiwani wa komini. Haikuwa inchi nzima. Ilikuwa miji mitatu tu: Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa; Élisabethville, ambayo ni Lubumbashi; na Jadotville. Jadotville ni sisi, Likasi. Stanleyville hawakupiga kura mwaka ule, Bukavu hawakupiga, Luluabourg hawakupiga. Wazee wa Kikula na Panda wanaokumbuka mambo hayo wamebaki wachache, lakini jambo lenyewe ni letu.

Sasa, ni nani aliyepiga kura ile? Wanaume peke yao, wenye miaka 25 na zaidi, walioandikwa kama wakaaji wa mji. Mama aliyeuza unga sokoni hakuhesabiwa. Kijana wa miaka 22 aliyeshuka kila asubuhi kazini Union Minière hakuhesabiwa. Na hata waliochaguliwa, serkali ya kikoloni ndiyo iliyowathibitisha, na juu ya mji wote aliketi Mzungu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema miji ile mitatu "ilipiga kura", ujue ni sehemu ndogo ya watu wa mji iliyoitwa.

Pamoja na hayo, kura ile ilitikisa inchi. Kule Léopoldville, ABAKO ya Joseph Kasa-Vubu ilichukua komini nyingi za Waafrika, na yeye mwenyewe akawa mkuu wa komini ya Dendale. Kule Élisabethville, wengi wa Waafrika waliopata ukuu wa komini walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga. Haikuwa ajabu. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya migodi ilileta wafanyakazi kutoka Kasai na kwingine, wakazaa, wakajenga, wakazeeka hapa. Lakini wengine waliuliza: wageni watatutawalaje kwetu? Mwezi wa Oktoba 1958 CONAKAT ikazaliwa, na swali lile la mwenyeji na mgeni likaingia kwenye siasa. Halijatoka mpaka leo.

Tuende Desemba 1959, uchaguzi wa pili. Hapo miji ilitofautiana sana. Léopoldville na Bas-Congo, ABAKO na wenzake walisema: msiende. Watu wengi hawakwenda. Stanleyville walikwenda, na chama cha Patrice Lumumba, MNC, kilishinda kwa nguvu ingawa Lumumba alikuwa amefungwa. Huku Katanga vyama vilishindana na watu walipiga kura. Mtu akiangalia namba peke yake angesema watu wa Léopoldville ni wavivu wa siasa. Ni uongo. Mwezi wa Januari mwaka ule ule walikuwa wametoka barabarani mpaka damu ikamwagika. Kukaa nyumbani siku ya kura lilikuwa neno lao.

Jambo hilo lilirudi mwaka 2006. Tarehe 30 Julai watu wa Bukavu na Goma walijaa kwenye biro za kura tangu alfajiri, maana walitaka vita viishe. Mbuji-Mayi wengi hawakutoka, kwa sababu chama cha Étienne Tshisekedi kilisusia uchaguzi. Inchi moja, siku moja, sababu mbili.

Na tena kuna sababu ya tatu, inayowagusa ndugu zetu mliohamishwa mnaotusikiliza. Mwaka 2018 watu wa Beni na Butembo waliondolewa kwenye kura ya raisi ya tarehe 30 Desemba. Waliambiwa ni Ebola na usalama. Siku ile wakaazi wa Beni walipanga mistari wenyewe na kupiga kura yao ya alama, isiyohesabiwa na mtu. Mwaka 2023 Masisi na Rutshuru hawakupiga, kwa sababu ya vita.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kijiji chenye watu 1,000 walioandikishwa. Vita vinakuja, 400 wanakimbia. Siku ya kura, kati ya 600 waliobaki, 540 wanapiga. Redio itatangaza: watu 54 katika 100. Tutasema kijiji kimelala. Kumbe waliobaki walitoka 90 katika 100. Wale 400, kama hawakubadilisha maandikisho yao, wanahesabiwa kama watu waliokosa, na kule walikokimbilia hawaonekani kwenye hesabu hata moja. Baba aliyeandikishwa Mitwaba na leo analala Likasi anaelewa ninachosema.

Likasi yenyewe ilishaona jambo hili. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani mwao hapa. Walikaa kwenye gare yetu siku nyingi, na watoto na masufuria, wakingoja treni. Wengine walikuwa wajukuu wa wale walioandikwa wakaaji mwaka 1957.

Inchi nzima, namba zinashuka. Mwaka 2006 walipiga kura kama watu 70 katika kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2011 kama 59. Mwaka 2018 kama 48. Mwaka 2023 kama 43. Kuna waliochoka, kuna waliosusa, kuna waliokuta mashine haifanyi kazi, kuna waliokimbia. Namba moja inawafunika wote.

Nimalize na jambo linalouma. Tarehe 20 Desemba 2023 madiwani wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi walichagua. Likasi, moja ya miji mitatu ya kwanza mwaka 1957, haikuchagua madiwani wake, kwa sababu si mji mkuu wa jimbo. Hapo hakuna namba ya kulinganisha hata kidogo.

Basi CENI ikifungua maandikisho tena, wenyeji na wahamishwa, twende tuandikishwe pale tunapokaa kweli. Na tuwaulize wabunge wetu kwa sauti: kura ya komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru itakuja lini?