Nyaya za Juu ya Dari

Fundi umeme anayeitwa kwenye nyumba ya zamani Chang'ombe, Dar es Salaam, mara nyingi huanza kwa kunusa kabla hajatoa teste mfukoni. Swichi inayochemka ndani kwa ndani ina harufu yake ya plastiki iliyoungua kidogo, na mwenye nyumba keshaizoea hata haisikii tena. Kisha fundi huomba ngazi, akasogeza ubao wa dari na kuchungulia kule kwenye joto la bati, popo na vumbi la miaka. Huko hukuta waya mwekundu na mweusi wa mtindo wa zamani wa Kiingereza umeungwa na waya wa kahawia na buluu wa juzijuzi, kiungo kimezungushiwa tepu iliyokauka na kuanza kujikunjua. Aliyefunga waya wa kwanza hakumjua aliyefunga wa pili, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake kichwani.

Waya wa kwanza ulitoka katika Dar es Salaam nyingine kabisa. Umeme wa umma uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, enzi za Wajerumani. Uliendeshwa na mamlaka ya reli, ukahudumia karakana za treni na mitaa walikoishi wakubwa wa kikoloni. Waingereza walipochukua nchi, idara ya serikali ndiyo iliyousimamia kuanzia 1920, na mwaka 1931 ukakabidhiwa kampuni binafsi. Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa DARESCO, wakati TANESCO ya awali ilijikita upande wa Tanga, kwenye maporomoko ya Mto Pangani na mashamba ya mkonge. Kampuni hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1964, na "Tanganyika" katika jina la TANESCO ikawa "Tanzania" mwaka 1968. Katika miaka hiyo ya mwanzo umeme ulifuata mwenye uwezo wa kulipa. Uswahilini watu waliwasha vibatari na chemli, na Chang'ombe ilikuwa nje ya mji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulianza kunyoosha miguu kufuata Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Viwanda vilipangwa kando ya barabara na reli. Chang'ombe ikapata nyumba za familia za Kihindi na kota za watumishi, jirani na Temeke iliyopimwa kwa ajili ya Waafrika. Kufikia 1961, Uwanja wa Taifa ulipofunguliwa kwa ajili ya uhuru, kitongoji kilikuwa kimeshachukua sura ambayo mtu wa mitaa yake ya Maduka Mawili au Unubini angeitambua hata sasa.

Nyumba za wakati ule zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa. Kila chumba balbu moja, sebuleni soketi moja ya redio, pengine na nyingine ya pasi. Hesabu ilitosha. Balbu ya wati 60 kwenye umeme wa volti 230 huvuta robo tu ya ampea, kwa hiyo nyumba yenye balbu kumi haifikishi hata ampea tatu, na fyuzi ya ampea tano ilikaa miaka bila kukatika. Ndani ya mabomba ya chuma au vijaluba vya mbao zilipita nyaya zilizovikwa mpira, kwani plastiki ilikuja kuenea miaka ya 1950 na 1960. Mpira ukipikwa na joto hukauka na kupasuka, na katika Dar es Salaam juu ya dari kuna joto la kutosha. Waya wa namna hiyo ukiachwa utulie unaweza kuonekana mzima. Fundi akiukunja tu, ganda linamwagika kama maganda ya karanga na shaba inabaki tupu.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi wa mjini kati na Upanga. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Wapangaji walipata kodi nafuu. Lakini kodi nafuu haibadilishi nyaya, na miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba wa fedha za kigeni, saruji na hata balbu. Nyumba zilipakwa chokaa zilipobahatika, na kilichokuwa juu ya dari kikasubiri.

Kwenye nyumba za Kiswahili mambo yalikwenda kivingine. Nyumba yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani jiko na choo, ilipangishwa chumba kimoja kimoja. Mita ilikuwa moja. Mwenye nyumba alitangaza masharti yake mapema: jiko la umeme marufuku, hita marufuku, pasi kwa ruhusa. Alikuwa akiogopa bili na ugomvi wa kuchangia, wala si moto. Hata hivyo bila kukusudia alikuwa akizilinda nyaya kuliko fyuzi yoyote.

Masharti hayo yalianza kulegea miaka ya 1990. Tanzania Bara ilikuwa haijapata kituo cha televisheni hata kimoja mpaka 1994. Zilipokuja ITV na CTN, televisheni ikaingia sebuleni, kisha vyumbani, ikifuatwa na deki, feni na friji ya kuuzia maji baridi na barafu. Katika muongo huohuo ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mita ya kisahani kinachozunguka ikang'olewa, ikabandikwa mpya ya kuingizia namba. Watu waliona kisanduku kipya ukutani wakadhani umeme wa nyumba umekuwa mpya. Lakini kazi ya TANESCO huishia kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba, na huko nyaya zilikuwa zilezile za balbu kumi.

Sasa hesabu ikageuka. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea tisa. Shawa ya umeme ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampea ishirini, na wapo walioivuta kutoka kwenye waya wa taa ya bafuni. Fyuzi ya zamani ni kigae cha kauri chenye uzi mwembamba wa waya uliokusudiwa kuyeyuka mzigo ukizidi. Ikawa inakatika kila jioni, na mtu aliyechoka giza akaweka uzi mnene zaidi, au msumari. Fyuzi ikatulia. Joto likahamia kwenye waya, juu ya dari, karibu na mbao.

Soketi nazo zina kisa chao. Kiwango cha Uingereza cha plagi ya pini tatu bapa ni cha 1947, na tundu lake la juu, la waya wa ardhi, ndilo linalofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Chaja na redio nyingi zinazouzwa madukani zina pini mbili. Dawa inayojulikana na kila mtoto Dar es Salaam ni kijiti cha kiberiti au mfuniko wa kalamu, unaosukumwa kwenye tundu la juu ili chini pafunguke. Vifuniko vilivyowekwa kumlinda mtoto anavifungua mtoto mwenyewe.

Na waya wa ardhi wenyewe je? Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza ulifungwa mara nyingi kwenye bomba la chuma la maji, lililozama ardhini. Chuma kikila kutu kwa chumvi ya pwani na bomba likibadilishwa kuwa la plastiki, maji yanaendelea kutoka kama kawaida. Ila umeme unaovuja kwenye friji umekosa njia ya kwenda ardhini, unamsubiri mtu atakayeshika mlango wa friji akiwa pekupeku kwenye sakafu mbichi.

Chang'ombe hiyohiyo ina chuo cha ufundi cha VETA ambako vijana hujifunza kuzuia mambo haya: kupima ardhi, kugawa mizigo, kufunga sakiti breka na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Sheria ya Umeme ya 2008 na leseni za mafundi zinazotolewa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, zimeweka ngazi za nani afanye kazi gani. Pembeni yao wapo vishoka, mafundi wasio na leseni, ambao huja usiku huohuo, na bei yao hupunguzika.

Kubadilisha nyaya zote ni kazi ya siku kadhaa, na wengi huisogeza mpaka friji iungue au ukuta uanze kutekenya. Inapofanyika, nyaya za zamani huvutwa kutoka kwenye mabomba, zinakatikakatika na kuacha unga mweusi mikononi. Fundi msaidizi huzirundika uani, huchoma maganda kwa moto wa makaratasi, na jioni hupeleka shaba kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Juu ya mzani haiulizwi ilikuwa ya DARESCO au ya kishoka. Inapimwa kwa kilo.